Anko, na kule juu angani mzigo ukiongezeka inakuwaje?

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa Tabata na jenereta langu la dizeli, KVA 20, kwenye sendofu ya binti wa jirani yangu wa zamani. Umeme ulikatika saa mbili na robo usiku, bi harusi ndo anaingia ukumbini, watu wamesimama wanapiga vigelegele, nikapiga stata likaitika, nikageuza chenjiova, ile swichi ya kuhamisha ukumbi kwenda kwenye jenereta, taa zikawaka, muziki ukarudi, ukumbi mzima ukashangilia. Hazikupita dakika mbili mtu wa ukumbi akaenda akawasha AC zote nne kwa mpigo, na mafriza mawili ya vinywaji nayo yakaamka wakati huo huo, na hapo nikasikia ile sauti ambayo kila fundi wa jenereta anaijua hata akiwa usingizini, injini inaguna, inashuka, taa zinapepesa, mita yangu ikatoka 230 ikaenda 180 na kitu, mixa ya DJ ikazima ikajiwasha upya, bi harusi akabaki katikati ya zulia anaangalia juu. Sekunde tatu, nne. Gavana, kile kifaa kinacholinda mwendo wa injini, ikaongeza dizeli, injini ikashika mwendo. Lakini kwenye shughuli ya mtu sekunde nne ni nyingi sana, na mama yake yule binti aliniangalia kwa macho ambayo mpaka leo nayaona.

Nilikuwa na mpwa wangu, mtoto wa dada, yuko kidato cha tatu, wikiendi huwa anakuja kunisaidia kuvuta nyaya. Tunarudi usiku na Kirikuu, jenereta nyuma limefungwa kamba, tumeshaingia barabara ya Mandela, mara akaniuliza: "Anko, kwenye vyombo vya anga si hakuna jenereta? Sasa wakiwasha vitu vyote kwa mpigo inakuwaje?"

Sikuwa na jibu. Nikamwambia nitatafuta na wewe ukajisomee, tukutane wiki ijayo. Wiki ikawa wiki nne, kila siku nikifunga karakana nasoma kwenye simu mpaka macho yanauma, na nilichokikuta kimenigusa kwelikweli, kwa sababu wale watu walikuwa wanapambana na kitu kile kile ninachopambana nacho mimi kila Jumamosi, mzigo unaopanda na kushuka bila kumuuliza mtu. Tofauti ni kwamba wao wakikosea hakuna wa kumpigia simu aje na jenereta la pili.

Tuanze na chombo chenyewe. Kile kituo kikubwa cha kimataifa kinachozunguka dunia kinatumia sola na betri, hiyo wengi mnajua. Lakini safari za Wamarekani za kwenda mwezini za Apollo, na kabla yake vyombo vya watu wawili vya Gemini, na baadaye Space Shuttle, kile chombo kilichorudi kikitua kama ndege, zilibeba seli za haidrojeni, wenyewe wanaita fueli seli. Haina pistoni, haina kitu kinachozunguka ndani yake, haiunguzi chochote. Ni mabamba mawili, katikati kuna kitu kinachopitisha ayoni ila hakipitishi elektroni, upande mmoja unaleta haidrojeni, upande wa pili oksijeni. Haidrojeni inataka kukutana na oksijeni wawe maji, ila elektroni zake hazina njia katikati, zinalazimika kuzungukia nje kupitia waya, na kwenye huo waya ndo unapachika taa yako, redio yako, kompyuta yako. Mwisho wa yote unapata umeme, joto na maji. Wazo lenyewe la zamani sana, mwanasayansi William Grove alilionyesha 1839, halafu injinia mmoja Mwingereza anaitwa Francis Thomas Bacon akalishikilia tangu miaka ya 1930 mpaka 1959 alipoonyesha mtambo wa kilowati 5 unaofanya kazi kweli. Hataza zake ndo kampuni ya Pratt & Whitney ilizichukua ikatengeneza seli za Apollo. Karibu miaka 30 mtu yuko na kitu kimoja, mi namheshimu sana.

Sasa njoo kwenye swali la mpwa wangu. Jenereta likiongezewa mzigo, cha kwanza kinachotokea ni kosa: mwendo unashuka. Gavana haijui kwamba umewasha AC, inajua tu shafti imepungua mwendo, ndo inafungua dizeli zaidi, silinda zinapata, shafti inarudi. Yaani lazima kwanza taa zipepese ndo dawa ije. Hata jenereta zuri kiasi gani, kuna hako kamwanya kati ya mzigo kuingia na mafuta kufika, na mwanya huo ndo uliomkuta bi harusi katikati ya zulia.

Kwenye seli gesi tayari imeshasimama mlangoni. Haidrojeni imejaa kwenye bamba inasubiri, bila mzigo haiendi popote. Ukiwasha kitu, elektroni zinapata njia, gesi inaliwa palepale kwenye bamba, ukiwasha vitu viwili inaliwa mara mbili, na hakuna mtu wala gavana aliyepima kitu hapo. Gesi ikiliwa, presha ndani ya chumba cha seli inashuka kidogo sana, regyuleta inaachia nyingine iingie. Fikiria mtungi wa gesi wa nyumbani na jiko la plet mbili, ile regyuleta haijui kama unachemsha chai au unapika maharage, inachojua ni kwamba presha upande wa jiko imepungua, basi inaachia. Kwahiyo kwenye seli mzigo wenyewe ndo unafungua bomba. Nilipoelewa hiyo sentensi niliweka simu chini nikakaa kimya kwanza, maana miaka 16 nimekuwa nikirekebisha magavana.

Tuweke namba, maana bila namba fundi anaona unapiga stori. Space Shuttle ilikuwa na seli tatu, kila moja kama boksi refu lenye uzito wa kilo 118 hivi, ndani yake seli ndogo 96 zimepangwa kwenye mafungu matatu ya 32. Kila boksi kwa mzigo mdogo wa kilowati 2 lilikuwa linatoa volti 32.5, na kwa mzigo wa kilowati 12 linatoa volti 27.5. Piga hesabu mwenyewe: kutoka ampea 62 hivi mpaka ampea 436, mkondo umeongezeka mara saba, volti zimepungua tano tu. Fungu la seli 32 maana yake kila kaseli kametoka volti 1 na kidogo kakashuka 0.86. Huko kushuka hakukosekani, sehemu ya nguvu inapotea kuisukuma kemia iende haraka, sehemu inapotea kwenye ukinzani wa vitu vyenyewe, na ukizidisha sana gesi inashindwa kufika kwenye bamba kwa kasi inayotakiwa na hapo volti zinaporomoka ghafla. Vifaa vyote vya chombo vilitengenezwa vivumilie huo upana wa 27 mpaka 32. Kwa kawaida chombo kizima kilikula kilowati 14 hivi, seli zote tatu zingeweza kubeba 21 muda wote, na zikibanwa zinabeba 36 kwa dakika 15. Hiyo nafasi kati ya 14 na 36 ndo kifua chao. Sisi huku mteja anakwambia "mzigo mdogo tu fundi," unafika unakuta AC nne.

Hapo ningeweza kuishia, nikamwambia mpwa wangu seli inajibu papo hapo, lala salama. Ila hiyo ni nusu ya habari. Seli inajibu papo hapo lakini vinavyoizunguka haviwezi. Gesi lazima itoke kwenye tenki, joto lazima liende mahali, maji lazima yaondolewe, na hivyo vyote ni mabomba na valvu na pampu, vinakwenda kwa mwendo wa mabomba. Ndo maana kwenye aksidenti za seli angani nilizozisoma, seli yenyewe mara nyingi haina kosa la kwanza.

Angalia tenki. Oksijeni na haidrojeni zilibebwa zikiwa baridi kupita kiasi, haidrojeni inaingizwa kwenye tenki ikiwa kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri, na tenki zinawekwa chini ya presha ili gesi ijisukume yenyewe kwenda kwenye seli. Sasa kila unapotoa gesi, presha inashuka, na ili ipande unatakiwa uweke joto ndani, kwahiyo ndani ya tenki kuna hita. Umeelewa mduara ulivyo? Mzigo ukipanda, gesi inatoka nyingi, presha inashuka, hita inawaka, presha inapanda. Hita yenyewe inakula umeme wa seli ile ile.

Agosti 1965 Gemini 5 ilikuwa ndo chombo cha kwanza kwenda angani na watu kikitumia seli hizi, zilitengenezwa na General Electric, ndani yake wako wanaanga Gordon Cooper na Pete Conrad. Hawajakaa hata saa chache juu, hita ya tenki la oksijeni ikafa. Presha ikaanza kuporomoka, kutoka zaidi ya psi 800, psi ni kipimo cha presha, mpaka chini ya 100. Wakazima karibu kila kitu. Fikiria umekaa kwenye chumba kidogo kama kiti cha mbele cha bajaji, watu wawili, unazima kifaa kimoja kimoja huku mshale unashuka. Chini huku mafundi wakachukua seli kama ile wakaijaribu kwa presha ndogo hivyo hivyo, wakaona bado inafanya kazi, mradi usiibebeshe sana. Basi wakawaambia kaeni, presha ikatulia, ikaanza kupanda taratibu kwa joto linalopenya lenyewe kuingia kwenye tenki, na wao wakawa wanawasha kitu kimoja, wanasubiri, wanawasha kingine. Wakamaliza karibu siku nane. Kwa wakati ule hakuna Mmarekani wala Mrusi aliyewahi kukaa juu muda mrefu hivyo.

Hita hizo hizo ndo zilizoleta balaa la Apollo 13. Hii stori wengi wanaijua juujuu ila kwa fundi wa umeme inauma kwa namna yake. Themostati, zile swichi za kuzima hita joto likizidi, ndani ya tenki namba 2 la oksijeni zilitengenezwa kwa volti 28 za chombo, lakini mitambo ya kwenye kituo cha kurushia ilikuwa inapeleka volti 65. Wiki chache kabla ya safari waliwasha hita masaa mengi ili kuyeyusha oksijeni itoke kwenye tenki, kwa volti 65, themostati zikashikana kwa joto, yaani kontakti zikaungana kama tunavyoona kwenye kontakta za pampu za visima, hita haikuzima, nyaya ndani zikaungua ganda. Hakuna aliyejua. Tenki likaenda angani hivyo. Tarehe 13 Aprili 1970 kwa saa za Houston, Marekani, walikokaa waongozaji wa safari, hapa kwetu Dar ilikuwa tarehe 14 alfajiri saa 12 na dakika 8, watu wanatafuta usafiri wa kwenda kazini, kule mwanaanga Jack Swigert akawasha feni za kukoroga tenki kama alivyoambiwa, na hazikupita dakika mbili tenki likapasuka.

Seli mbili kati ya tatu zikafa ndani ya dakika chache. Hazikuungua. Ule mshtuko ulifunga valvu za oksijeni zinazozilisha, zikakosa pumzi. Ya tatu ikaendelea mpaka tenki lililobaki, ambalo nalo lilikuwa linavuja, likaisha. Wanaanga wote watatu, Lovell, Swigert na Haise, wakahamia kwenye chombo cha kutua mwezini, kile kilikuwa na betri tu, wakashusha matumizi mpaka ampea 12 hivi. Kwa volti 28 hiyo ni wati 330 na kitu, pasi yako ya nguo inakula mara tatu ya hapo. Siku tatu na zaidi, watu watatu, theluthi ya pasi. Nikimwelezea mpwa wangu hapa aliacha kula.

Joto sitalisemea sana, linaeleweka. Ukiongeza mzigo seli inapata joto, unazungusha kipoozeo, kinakwenda kwenye rejeta, rejeta inatupa joto angani kwa mnururisho tu maana kule hakuna upepo. Space Shuttle rejeta zake zilikuwa upande wa ndani wa ile milango mikubwa ya sehemu ya mizigo, ndo maana wakishafika juu milango ilifunguliwa mapema. Ila kuna upande mmoja wa joto ambao watu hawaufikirii: mzigo mdogo nao ni tatizo. Sisi tunajua, jenereta kubwa likikaa usiku kucha linabeba taa mbili linajaza masizi, linatema moshi, asubuhi halina nguvu. Seli za Apollo zilifanya kazi kwenye nyuzi joto 200 na kidogo, na kemikali yake ya potasiamu haidroksaidi ilikuwa nzito kiasi kwamba ikipoa inaganda. Kwahiyo kila seli ilipangiwa mzigo wa kati ya wati 563 na 1420. Ikishuka sana seli inapoa, na humo ndani kulikuwa na hita ya kuipasha. Yaani unakula umeme ili mashine ya umeme isilale.

Maji ndo yaliyonishangaza zaidi. Uniti moja ya umeme, uniti ile ile unayoinunua kwenye LUKU, seli inakuachia maji karibu lita 0.4, masafi, wanaanga wa Apollo na Space Shuttle waliyanywa. Baraka kubwa, lakini fikiria mzigo ukipanda mara tano, maji nayo yanatengenezwa mara tano, pale pale ndani ya vitundu vidogo ambavyo gesi inatakiwa ipite. Duniani tone lingedondoka. Kule hakuna chini, tone linakaa lilipo. Maji yakizidi yanaziba njia ya gesi, seli inazama. Ukiyaondoa kwa pupa, kemikali inakauka, seli inapata nyufa ndani. Walichofanya ni kuizungusha haidrojeni kwa pampu, iingie nyingi kuliko inayoliwa, ile inayobaki inatoka na mvuke, mvuke unapoozwa unakuwa maji, kisha unazungushwa kwa kasi ili maji yatengane na gesi, haidrojeni inarudi kazini. Na kwa sababu mabomba hayawezi kukimbizana na mzigo wa ghafla, kila kaseli ka Space Shuttle kaliwekewa bamba la nikeli lenye vitundu vitundu, kazi yake ni kama sifongo, mzigo ukipanda linanyonya kilichozidi, ukishuka linarudisha. Hilo bamba halitoi hata wati moja. Mi naona ni kifaa kizuri kuliko vyote mle ndani.

Kuna na jambo la seli kupangwa foleni. Unakumbuka tochi za betri tatu kubwa, betri moja ikiisha zile mbili zinaulazimisha mkondo upite kwenye ile mfu mpaka inavuja? Kaseli kamoja kati ya 32 kakikosa gesi, wenzake wanapitisha mkondo kwa nguvu, volti zake zinageuka kinyume, kanaharibika, na kwa kuwa pale kuna haidrojeni na oksijeni zimetenganishwa na ukuta mwembamba, hilo sio jambo la kusubiri. Aprili 1997 kwenye safari ya Space Shuttle iliyoitwa STS-83, seli namba 2 mafungu yake yakaanza kutofautiana volti. Chombo kilikuwa kinawaka vizuri tu, wanaanga wako salama, safari ilipangwa siku 16. Wakaizima ile seli wakarudi nyumbani siku ya nne. Julai watu wale wale wakaruka tena na chombo kile kile kumaliza kazi. Kabla ya hapo Novemba 1981, STS-2, seli moja ikajaa maji, siku tano zikawa mbili. Namna hiyo ya kuheshimu tofauti ndogo ya volti, kabla haijawa moshi, natamani kila mwenye ukumbi hapa mjini angekuwa nayo.

Halafu Pete Conrad. Miaka minne baada ya Gemini 5 huyu huyu akawa kamanda wa Apollo 12, wakarushwa tarehe 14 Novemba 1969 kwenye mvua. Sekunde ya 36 radi ikapiga, sekunde ya 52 ikapiga tena. Seli zote tatu zikajitoa kwa mpigo, ile mitambo ya ulinzi ilihisi mzigo umezidi ikakata, kama breka inavyoruka. Mzigo mzima wa chombo ukaangukia kwenye betri, volti zikashuka, taa za hatari zikawaka karibu bodi nzima, kule Houston takwimu zikawa hazisomeki. Kijana mmoja wa miaka 26 aliyekuwa kule Houston, John Aaron, akakumbuka swichi moja ambayo wengi hawakuijua, SCE iwekwe AUX, yaani kifaa cha kuandaa takwimu kihamishiwe kwenye umeme wa akiba, Alan Bean, mwanaanga mwenzake Conrad, akaigeuza, takwimu zikarudi, kisha Bean akazirudisha seli kazini. Zilikuwa nzima. Wakaenda mwezini.

Kilichowaokoa ni kwamba betri zilikuwa zimeshaunganishwa pembeni ya seli tangu kabla ya kuruka, kwa ajili ya siku kama ile. Na hapa ndo nikapata jibu la kweli la mpwa wangu. Hata na seli nzuri namna ile, Apollo walipotaka kuwasha injini kubwa waliunganisha betri kwanza, kwa sababu kulikuwa na mota za kugeuza mdomo wa injini, na mota ni mota, iwe ya friza Tabata au ya chombo cha mwezini, ikianza inavuta mkondo mara kadhaa ya ule wa kawaida. Na hawakuziwasha kwa mpigo. Mmoja anawasha mota ya kwanza, mwenzake anaangalia mita, anathibitisha, ndo inawashwa ya pili. Moja moja. Magari ya haidrojeni ya leo nayo ni hivyo hivyo, Toyota Mirai ina betri pembeni ya kubeba kishindo cha kwanza, tena gari lina shida zaidi kwa sababu linavuta hewa ya kawaida kwa kompresa, na kompresa inahitaji muda kushika mwendo, wakati chombo cha anga kimebeba oksijeni tupu iliyo na presha tayari.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na shughuli Ukonga, kipaimara. Nilifika mapema nikaongea na msimamizi wa ukumbi, shikamoo mzee, naomba orodha ya vitu vyote vyenye mota. Umeme ulipokatika nilikuwa kwenye chenjiova, mpwa wangu yuko kwenye mita. Taa. "Ampea 6, anko." Muziki. "11." Friza la kwanza. "Imeruka 30, imerudi 15." Tukasubiri nusu dakika, AC ya kwanza. Ilichukua dakika tano kuwasha ukumbi mzima na hakuna mtu aliyegeuza shingo kuangalia taa.

Njiani kurudi akaniuliza lingine, je wakitaka kukaa mwezini kabisa, kule usiku mmoja ni siku kama 14 za kwetu, sola inalala, betri za kukaa siku 14 nani atazibeba? Nikamwambia ndo maana seli hizi zinarudi tena mezani, wanataka mtambo wa kwenda na kurudi: mchana sola inayapasua maji kuwa haidrojeni na oksijeni, usiku seli inaziunganisha zinakuwa maji tena, maji yale yale, yanazunguka. Wajapani nao, shirika lao la anga JAXA na Toyota, tangu 2019 wanatengeneza gari la kutembelea mwezini la seli za haidrojeni.

Akatoa simu akaanza kupiga hesabu. Nyumbani kwao wanatumia uniti 4 kwa siku, na friji likiwemo. Siku 14 ni uniti 56. Mara 0.4. Akanyamaza, akapiga tena.

"Anko, ni lita 22."

Nikamwambia ndiyo, ila humo haidrojeni ni kilo mbili na nusu tu, na ukiiacha bila kuikandamiza kwa hali ya hewa ya hapa Dar itajaza simtanki za lita elfu moja kama 30, kwahiyo kazi iko kwenye tenki, na mchana sola italazimika kuingiza karibu mara mbili ya uniti hizo kwa sababu kwenda na kurudi kunapoteza. Alikuwa hasikii tena. Tulipofika kwao dada alikuwa ameacha taa ya barazani inawaka, na chini yake ndoo ya maji ya lita 20 imefunikwa na sahani. Aliinua sahani akachungulia ndani, akairudisha taratibu, akaingia kulala.